Walezi wa vijana vijijini: semina ya siku tatu inazuia sonona kweli, au tunagawa vyeti tu?

#1 Mwanzi Mkavu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Miezi minane iliyopita kikundi chetu cha kujitolea kilifundisha watu wazima 24 wa vijijini wawe walezi wa vijana wa miaka 13 hadi 17. Nia ilikuwa kuzuia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kabla haijaota mizizi, maana mtaalamu wa afya ya akili yuko mbali na nauli yenyewe ni mtihani. Semina siku tatu. Tukafundisha dalili, namna ya kusikiliza, kutunza siri na wakati wa kutoa rufaa, yaani kumpeleka kijana kwa mtaalamu. Siku ya mwisho vyeti, picha ya pamoja, makofi.

Wiki iliyopita nimepita kuwatembelea. Kati ya wale 24, ambao bado wanaonana na vijana wao angalau mara moja kwa wiki mbili ni 9. Cha ajabu, mmoja wa hao 9 alisinzia siku nzima ya pili ya semina, nilikuwa namwangalia tu. Na wale waliopata alama za juu kwenye jaribio la mwisho, wengi wameyeyuka.

Nimeanza kuamini kwamba mlezi huzaliwa, hafundishwi. Ukichagua mtu vizuri semina ya nini? Nipingeni.

#2 Kichwa Maji

Mngewaambia cheti kinatolewa baada ya mwaka mmoja wa kazi mngejua mapema nani yuko na nani amefuata picha. Na posho ya chakula ilikuwepo? Jibu kwa ukweli mkuu.

#3 Mwanzi Mkavu

Ilikuwepo. Usinichimbe.

#4 Nesi wa Zamu

Mleta mada, kabla hatujagombana kuhusu kuzaliwa na kufundishwa, mlitaka wafanye kazi gani hasa? Nauliza kwa sababu "kuzuia sonona" watu wanalisema kama jambo moja, na ndani yake kuna kazi tatu. Unaweza kuwafikia vijana wote bila kuchagua. Unaweza kuwalenga walio hatarini: waliofiwa, walioacha shule, wanaoishi na ugomvi nyumbani. Au unaweza kuwashika wale ambao dalili zimeshaanza lakini hazijakomaa. Mlezi wa kundi la kwanza anahitaji mambo machache sana. Wa kundi la tatu akiingia na moyo mzuri tu bila ujuzi, ataumia yeye na ataumiza mtoto.

Kuhusu dalili, najua mlifundisha huzuni iliyodumu wiki mbili au zaidi, kupoteza hamu ya vitu alivyovipenda, usingizi, kula, kukosa nguvu, kujiona hana thamani. Sawa. Je, mliwaambia kwamba kwa kijana mara nyingi huzuni haionekani kama huzuni? Inakuja kama hasira. Anajibu ovyo, anapigana, anakasirika kwa jambo dogo. Nyumbani ataitwa jeuri, shuleni atachapwa. Mlezi asiyejua hili atawatafuta vijana wanaolia, na wanaolia ni wachache.

#5 Mwalimu Chaki

Naomba kuuliza swali la msingi. Kwa nini mnahangaika kutafuta walezi wapya wakati walimu tupo? Tunawaona watoto siku tano kwa wiki, tunajua nani kabadilika. Nusu ya magonjwa yote ya akili huanza kabla ya miaka 14, na umri huo mtoto yuko mikononi mwetu. Tufundisheni sisi, kazi imeisha.

#6 Mtu wa Hesabu

Mwalimu, heshima yako, ila nakurekebisha mara mbili.

Hiyo takwimu ya nusu kabla ya miaka 14 ilitoka kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005. Uchambuzi mkubwa zaidi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulikuja na picha tofauti kidogo: karibu theluthi moja kabla ya miaka 14 na karibu nusu kabla ya miaka 18. Bado ni mapema sana, lakini kama unapanga walezi wa miaka 13 hadi 17 tofauti hiyo ina maana. Bado hujachelewa.

La pili litakuuma. Kuna jaribio lilifanyika jimbo la Bihar, India, wilaya ya Nalanda, shule za sekondari 75, matokeo yakatoka 2018 kwenye jarida la Lancet. Programu ile ile ya kuboresha mazingira ya shule na afya ya wanafunzi iliendeshwa kwa njia mbili. Shule nyingine iliendeshwa na mwalimu wa hapo hapo aliyepewa mafunzo. Nyingine na mshauri asiye mtaalamu aliyepewa mafunzo na kuwekwa shuleni kwa kazi hiyo tu. Upande wa mshauri, mazingira ya shule, uonevu na dalili za sonona vyote vilikuwa afadhali waziwazi. Upande wa walimu hakukuwa na tofauti ya maana na shule ambazo hazikupata chochote.

#7 Mwalimu Chaki

Nimesoma. Sikatai. Lakini jiulize: huyo mshauri alikuwa na kazi moja. Mwalimu ana vipindi, ana madaftari, ana zamu, halafu unamwongezea na hili kisha unapima. Mpe mwalimu kazi hiyo moja tu uone.

#8 Nesi wa Zamu

@Mwalimu Chaki hapo umenena, maelezo hayo yanawezekana kabisa. Ila kuna mengine pia. Mwanafunzi hawezi kumwambia siri mtu ambaye kesho atamsahihishia mtihani au kumwadhibu. Huenda ni muda, huenda ni kiboko, huenda ni vyote.

#9 Jongoo Safarini

Mimi sina utafiti, nina maisha yangu.

Nikiwa na miaka 15 baba aliondoka kwenda mjini kutafuta, hakurudi. Nikaacha kuongea. Sio kwamba nilikuwa nalia, sikuwa nalia hata kidogo, nilikuwa kama redio iliyozimwa. Mama alidhani nimekuwa na kiburi. Kijijini alikuwepo mzee mmoja fundi baiskeli. Siku moja akaniambia "nishikie hii spana". Kesho yake tena. Nikawa naenda kila siku baada ya shule. Hakuwahi kuniuliza kitu kuhusu baba. Kama miezi minne hivi ndipo nikaanza kusema mwenyewe, huku natazama mnyororo.

Yule mzee hakusoma hata darasa la pili. Kwa hiyo niko upande wa mleta mada, mlezi huzaliwa.

#10 Kichwa Maji

Inakuja semina ya siku tatu ya mafundi baiskeli, washiriki waje na spana zao.

#11 Nesi wa Zamu

@Jongoo Safarini asante kwa kusimulia. Ila angalia alichofanya yule mzee, kina majina kwenye vitabu vyetu. Alikupa shughuli ya kila siku wakati mwili wako unataka kulala na kujificha. Shughuli ndogo, inayorudiwa, inayoonekana imekamilika. Hiyo ni mbinu kamili ya tiba na inafundishika kwa mtu yeyote. Halafu hakukubana macho kwa macho, mlikuwa mmekaa ubavu kwa ubavu na mikono ina kazi. Hilo nalo linafundishika. Mzee alijua bila kuambiwa, wengine wanaweza kuambiwa wakajua.

#12 Mama Pacha

Nimefuatilia kimya, sasa naongea kama mzazi. Hadithi ya fundi ni nzuri kwa sababu mzee alikuwa mtu mwema. Mimi nina mabinti wawili wa miaka 14. Mtu mzima asiye ndugu anaonana na binti yangu peke yake kila wiki, kwa jina la ulezi? Nani amemchunguza? Wanakaa wapi? Akimdhuru, binti atamwambia nani wakati huyo mtu ndiye aliyeteuliwa kuwa wa kuambiwa?

Watu wanaowawinda watoto hupenda sana kazi za namna hii. Kama semina yenu haikuwa na kanuni ya kuonana mahali pa wazi panapoonekana, na mtu wa pili ambaye kijana anaweza kumshtakia mlezi, basi hayo mambo ya sonona yasubiri kwanza.

#13 Mwanzi Mkavu

@Mama Pacha kanuni ya mahali pa wazi ilikuwepo. Ya mtu wa pili haikuwepo. Nimeandika.

#14 Upepo wa Kusi

Wakuu mnazunguka mbuyu wakati jibu lipo Zimbabwe. Mabibi wamefundishwa, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki, watu wanakuja wanazungumza, sonona inapungua. Tafiti zipo. Mabibi tunao kila kijiji. Tuchukue tu mfano huo, tumalize uzi.

#15 Mtu wa Hesabu

Benchi la Urafiki la daktari Dixon Chibanda, naliheshimu sana. Alianza 2006 na mabibi 14. Jaribio lao la 2016 lilikuwa na watu 573 na matokeo yalikuwa mazuri kweli. Lakini tazama: lilifanyika Harare, mjini, kwenye kliniki ambazo watu walishafika wenyewe. Walikuwa watu wazima, miaka 18 kwenda juu. Na walikuwa tayari na dalili, yaani ni tiba, sio kinga. Ukilipeleka kijijini kwa mtoto wa miaka 14 ambaye hana dalili bado, umebadilisha kila kitu isipokuwa benchi.

Cha kuiga naona ni kingine. Mabibi hawakuwa na semina tu. Walikuwa na utaratibu wa kueleweka wa vikao sita, na walikuwa na watu wa kuwaita wakikwama. Pia waliita tatizo kwa jina la watu wenyewe, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi.

#16 Kichwa Maji

Kufungisisa? Kwetu ukimwambia mtu amefungwa atauliza kesi gani.

#17 Bibi Kamusi

Kwa Kishona *kufunga* ni kufikiri, mjukuu wangu. Huo mkia *-isisa* unaongeza nguvu, kufikiri mpaka kupitiliza.

Na kwa kuwa mmenichokoza: sisi wenyewe tunaitaje? Huyu anasema sonona, yule unyogovu, wa tatu mfadhaiko, wa nne msongo wa mawazo. Msongo si sonona. Msongo ni mzigo, ukiutua unapumua. Kusonona ni kuumia ndani kwa ndani, hata mzigo ukiwa umetuliwa. Neno ni zuri na ni letu, lakini muulize mtoto wa kijijini wa miaka 13 kama amewahi kulisikia nje ya redio.

#18 Jongoo Safarini

Bibi umegusa. Mimi mwaka ule kama mtu angeniuliza "una sonona?" ningesema hapana. Angeniuliza "unawaza sana?" ningesema ndiyo. Angesema "umechoka?" ningesema ndiyo mara mbili.

#19 Upepo wa Kusi

Mimi nadhani "unyogovu" ndiyo sahihi zaidi.

#20 Bibi Kamusi

Hukumu hiyo umeitoa wapi? Lete hoja.

(posti kadhaa za kubishana kuhusu kamusi zimehamishiwa jukwaa la lugha - Msimamizi)

#21 Jembe Butu

Mmemaliza kamusi? Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Kijana wa kijijini anaamka kabla ya jua, maji, mifugo, kisha shule mwendo wa saa nzima, kurudi shamba, usiku analala amechoka na hajui kama mwakani ataendelea na masomo. Mvua ikikatika nyumba nzima ina wasiwasi. Halafu anakuja mlezi mwenye fulana mpya kumfundisha kuvuta pumzi taratibu.

Mpe huyo mtoto uhakika wa ada na usingizi wa saa nane, uone kama utahitaji mlezi. Tunatibu umaskini kwa maneno kwa sababu maneno ni rahisi.

#22 Nesi wa Zamu

@Jembe Butu nakubali nusu. Umaskini na sonona vinaongozana, hakuna mtaalamu anayebisha. Lakini kwenye nyumba hizo hizo, shamba hilo hilo, mvua ile ile, mtoto mmoja anazama na mdogo wake hazami. Na watoto wa nyumba zenye nafasi nao wanazama. Ukisubiri umaskini uishe ndipo umsikilize mtoto, huyo wa leo tumempoteza.

#23 Jembe Butu

Sijasema asisikilizwe. Nimesema asisikilizwe *badala ya*.

#24 Mwalimu Chaki

Hii ya Jembe imenikaa. Darasani kwangu wanaokuwa wazito ghafla, ukichunguza, nyumbani kuna jambo limetokea. Kifo, wazazi wametengana, ameambiwa hataendelea na shule.

#25 Nesi wa Zamu

Mwalimu umeorodhesha karibu kila kitu ambacho tiba ya mahusiano, ile ya mazungumzo inayoangalia mtu na watu wake, huanza nacho: msiba, ugomvi, badiliko kubwa la maisha, upweke. Walezi wa kawaida wanaweza kujifunza vichwa hivyo vinne kwa vidole vya mkono mmoja. Uganda walifanya hivyo kwa vikundi. Miaka ya mwanzo ya 2000 walifundisha watu wa kawaida wasio wauguzi wala madaktari kuendesha vikundi vijijini kusini magharibi, sonona ikashuka sana. Kisha wakafanya na vijana kaskazini kwenye kambi za waliokimbia vita, ikafanya kazi pia.

#26 Mtu wa Hesabu

Kwa kambi za kaskazini weka nyota pembeni. Vijana 314, miaka 14 hadi 17, matokeo yalichapishwa 2007. Kwa wasichana dalili zilishuka waziwazi. Kwa wavulana hapakuonekana tofauti ya kuaminika.

#27 Jembe Butu

Ndiyo maana nasema! Wavulana hamkai nao kwenye duara mkawaambia "eleza unavyojisikia". Mvulana mpe spana.

#28 Mama Pacha

Na wasichana wanaopenda spana?

#29 Jembe Butu

Nao wapewe dada yangu, spana zipo nyingi.

#30 Mtu wa Hesabu

Narudi kwa mleta mada, kwa sababu kuna kitu kwenye posti ya kwanza kimepita bila mtu kukigusa. Kati ya walezi 24, 15 wamepotea. Maana yake kuna vijana ambao walipewa mtu, wakaanza kumzoea, akaacha kuja. Sote tunalihesabu hilo kama sifuri, kwamba hawakufaidika. Mimi nahofia ni chini ya sifuri.

Marekani kuna programu kubwa sana na ya miaka mingi ya kuunganisha watoto na walezi wa kujitolea. Watafiti wawili waliangalia data zake mwaka 2002 kwa kufuata urefu wa uhusiano. Walioendelea mwaka au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka namna wanavyojithamini, wakawa chini ya pale walipoanzia.

Na kuna kisa cha zamani zaidi, huko huko Marekani jimbo la Massachusetts, kilichoanza 1939. Wavulana 506, nusu wakapewa washauri wa kuwatembelea nyumbani kwa miaka mitano hivi, msaada wa masomo, kambi za likizo. Mtafiti Joan McCord akawafuatilia walipokuwa watu wazima, akachapisha 1978. Waliosaidiwa wengi walisifia sana ule mradi. Lakini kwenye ulevi, magonjwa ya akili na vifo vya mapema hali yao ilikuwa mbaya kuliko wenzao ambao hawakuguswa.

#31 Kichwa Maji

Sasa hapo hata mimi sina utani.

#32 Upepo wa Kusi

Sababu ilikuwa nini? Washauri wabaya?

#33 Mtu wa Hesabu

Wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema watoto walizoea msaada, ulipokatika wakabaki dhaifu. Wengine wanasema kukusanywa kwenye kambi na wavulana wenzao wenye matatizo ndiko kulikowaharibu. Kuna wanaosema waliahidiwa maisha ambayo hayakuja. Chagua.

#34 Sauti ya Chini

Nimejiunga jukwaani leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi niliwahi kuwa mlezi wa namna hiyo, kwenye mradi mwingine, na niliacha. Sijasikia mtu akitusemea sisi tuliopotea.

Semina yangu ilikuwa siku nne. Nilipata alama nzuri. Nikapewa vijana watano. Wanne walikuwa kawaida, masomo, marafiki, mambo ya umri. Wa tano, binti wa miaka 16, kikao cha tatu akaniambia haoni sababu ya kuendelea kuishi. Nilikumbuka neno "rufaa" kutoka kwenye karatasi. Rufaa kwenda wapi? Nikapiga namba ya mratibu, haipokelewi. Zahanati ya karibu walinipa dawa ya usingizi kwa ajili yake. Nililala kwao usiku ule, nikamwambia mama yake kwamba nimechoka sana siwezi kutembea. Sikulala. Asubuhi nikamweleza mjomba wake, akaja akamchukua akaenda naye wilayani, na yuko hai, ana mtoto sasa.

Lakini mimi sikurudi. Kila nilipofikiria kwenda kwa wale wanne nilikuwa nasikia tumbo linakata. Niliwaambia nimepata safari. Miezi sita baadaye mmoja alinikuta njiani akanisalimia vizuri tu, "shikamoo", akapita. Hiyo shikamoo bado ninayo.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini niliacha. Kwenye ripoti nadhani nimeandikwa "hana muda".

#35 Nesi wa Zamu

@Sauti ya Chini pole sana, na ulifanya kazi ya watu watatu usiku ule. Kukaa naye, kutomwacha peke yake, kumhusisha mtu mzima wa nyumbani, kumfikisha kwenye huduma. Hicho ndicho kinachotakiwa. Ilibaki kitu kimoja tu ambacho hakikuwa juu yako: mtu wa kukupokelea simu.

Mleta mada, hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika tangu #4. Unauliza semina ina kazi gani. Mimi nasema semina ni sehemu ndogo. Kazi iko baada ya semina: walezi wakutane kila wiki mbili na mtu anayejua, kila mmoja alete kisa kinachomlemea, waigize mazungumzo, wapate kupumua. Miradi mingi iliyofaulu ilikuwa na usimamizi wa namna hii, na mingi iliyokufa ililipia ukumbi na vyeti ikasahau simu.

#36 Mwalimu Chaki

Swali, na naomba msinicheke. Hilo la kumuuliza kijana kama anafikiria kujiua. Sisi tuliambiwa tusilitaje, utampandia wazo.

#37 Nesi wa Zamu

Hakuna wa kukucheka, wengi wameambiwa hivyo. Tafiti zimeliangalia sana, na kumuuliza mtu moja kwa moja, kwa utulivu, hakumpandii wazo. Mara nyingi anapata nafuu kwamba mtu amethubutu kulitaja. Uliza kwa maneno ya kawaida, usizunguke. Akisema ndiyo, usimhubirie, usimuahidi kutunza siri hiyo, usimwache peke yake, na hakikisha sumu za shambani na dawa nyumbani zimefungiwa mbali. Kisha tafuta msaada siku hiyo hiyo. Siri zote mlezi hutunza isipokuwa hiyo na ya kijana kudhuriwa, na kijana aambiwe hivyo kikao cha kwanza kabisa, asije akaona amesalitiwa.

#38 Upepo wa Kusi

Kwenye hilo nina kitu na safari hii nimekagua kabla ya kuandika, Mtu wa Hesabu usije mbio. Ulaya, nchi 10, shule 168, wanafunzi zaidi ya 11,000, matokeo ya 2015. Walilinganisha njia tatu na kundi lililopata mabango tu. Ya kwanza, kufundisha walimu watambue dalili. Ya pili, wataalamu kuwapima wanafunzi ili kuwatambua walio hatarini. Ya tatu, vijana wenyewe kufundishwa kwa mijadala na maigizo kuhusu afya ya akili, yao na ya wenzao. Baada ya mwaka, iliyopunguza majaribio ya kujiua kwa kiasi cha kuaminika ni hiyo ya tatu tu.

Kwa hiyo labda tunafundisha watu wasio sahihi. Tuwafundishe vijana.

#39 Mtu wa Hesabu

Sina la kurekebisha. Naongeza tu kwamba sio kila somo la darasani linafaa. Uingereza walijaribu kufundisha utulivu wa akili kwenye shule 85, vijana zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Matokeo ya 2022: haikuwa bora kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Wengi hawakufanya hata mazoezi ya nyumbani.

#40 Bibi Kamusi

Na kijana aliyeacha shule, mmemweka wapi kwenye hizo shule 85 na 168? Kijijini ndiye anayezama kwanza.

#41 Niko Hapa Tu

nina miaka 17 nimesoma wote mnaandika sana

nilikuwa na mlezi. alikuwa mzuri. lakini alikuja na fomu, kila akija anaanza na maswali tisa yale yale "ndani ya wiki mbili zilizopita" ananiuliza huku anaandika. nikajua majibu yanayomfanya aondoke mapema. nikawa nayasema

siku moja alisahau fomu tukaongea mpaka jioni. wiki iliyofuata akaja nayo

#42 Kichwa Maji

Mdogo wangu, asante. Uko sawa sasa hivi? Nauliza kweli, sio fomu.

#43 Niko Hapa Tu

niko sawa. nina mtu wa kuongea naye. sio yule

#44 Nesi wa Zamu

Vizuri. Ikibadilika mwambie huyo mtu siku hiyo hiyo, usisubiri. Na sisi tupo.

Fomu nazitetea kidogo, bila kipimo hatujui nani anazidiwa. Lakini kumuuliza kila wiki kama karani, hapana.

#45 Mama Pacha

Mwanzi uko wapi? Umewasha moto ukaondoka.

#46 Mwanzi Mkavu

Nipo. Nimekuwa nawapigia simu wale 15 tangu jana, baada ya posti ya Sauti ya Chini. Nimewapata 11. Wanne wamehama au wamepata kazi kwingine. Watatu wanasema hawakupata kijana aliyekubali kuendelea nao. Mmoja mume alimkataza. Watatu wamenisimulia visa ambavyo sitavileta hapa, na wote watatu walianza na "nilidhani hutapiga".

Kwa hiyo sijui tena kama mlezi huzaliwa. Nilikuwa na uhakika zaidi nilipoandika #1.

Jumamosi tunakutana na wote watakaokuja, bila ukumbi, bila posho. Nesi, ukiweza kujiunga kwa simu nitafurahi. Na tumeanza orodha ya vijana walioachwa, tuone nani wa kumfuata na kumwambia nini. Hilo la kumwambia nini ndilo linanisumbua. Unarudije kwa mtoto baada ya miezi mitano?

#47 Jongoo Safarini

Usirudi na maelezo. Rudi na kazi ya kufanya pamoja, maelezo yatajiomba yenyewe.

#48 Sauti ya Chini

Mimi naona aanze na samahani. Fupi. Kisha kazi.

#49 Jembe Butu

Yule aliyesinzia darasani, umemuuliza siri yake?

#50 Mwanzi Mkavu

Nimemuuliza. Anasema usiku ule alikuwa zamu ya maji ya umwagiliaji, alikuja semina moja kwa moja kutoka mferejini. Vijana wake wanne huwa anakwenda nao huko huko mferejini usiku wa zamu. Kuna moto, kuna kungoja, hakuna kingine cha kufanya.

#51 Mama Pacha

Usiku? Wazazi wanajua? Wako wangapi watu wazima hapo?

#52 Mwanzi Mkavu

Wanajua, na baba wa mmoja wao huwa yupo. Lakini umenishtua, naenda kuangalia mwenyewe zamu ijayo.

#53 Kichwa Maji

Na cheti chake kakitundika?

#54 Mwanzi Mkavu

Kipo kwangu. Siku ya kugawa alishaondoka, maji yalikuwa yamefunguliwa.